Mipera Iliyohukumiwa Kukatwa: Kisa cha Kuni za Kufukizia Nyama Kutoka Miteremko ya Meru

Kisa hiki kinahusu pande mbili. Upande mmoja ni familia ya wakulima kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya barabara kuu iendayo Moshi. Upande wa pili ni mama mwenye banda la nyama choma jijini Arusha. Nimeondoa majina, kijiji na alama zote za kuwatambulisha, nao wamekubali kisa chao kitumike kufundishia. Mkulima nitamwita Mzee. Kijana aliyeshika shughuli yote, mtoto wa dada yake, nitamwita Mpwa. Mwenye banda nitamwita Mama Choma.

Kazi yangu ni kuwasaidia wasindikaji wadogo wa vyakula, na kwenye kisa hiki niliitwa baada ya mzigo wa kwanza wa kuni za moshi, yaani kuni za kuipa nyama ladha ya moshi, kurudishwa. Nakiandika kwa sababu swali ninaloulizwa kila mara ni "mti gani una moshi mzuri?", wakati kilichoamua mambo hapa kilikuwa ukavu wa kuni na jiko la mnunuzi.

Usuli

Shamba ni kama mashamba mengi ya Wameru: migomba, kahawa chini yake, ng'ombe wawili wa kufungia ndani, na miti ya matunda iliyoota au kupandwa bila mpango kwa miaka mingi. Miparachichi ya kienyeji ilikuwa mirefu kuliko nyumba mara mbili au tatu. Kuchuma kulihitaji kijana wa kupanda, na tunda lililoanguka lilifika sokoni limepondeka. Wanunuzi wa kusafirisha nje hawaligusi parachichi hilo. Wanataka Hass, ile aina ya ganda gumu linaloiva jeusi, ambayo tarishi Rudolph Hass aliisajili huko California mwaka 1935 na ambayo leo inapandwa kila kona ya Meru na Kilimanjaro.

Miembe ilikuwa miwili. Kwa baridi ya kule juu, maua yalikuwa yakioza kwa chule, ugonjwa wa kuvu, karibu kila mwaka, ikabaki kuwa miti ya kivuli. Mipera ndiyo iliyokuwa mingi kuliko yote. Ndege walikuwa wameipanda wenyewe kando ya mifereji na mipakani, na jirani mwenye bustani alikuwa amelalamika mara kadhaa kwamba mapera yanayooza chini yanafuga nzi wa matunda. Lalamiko hilo lilikuwa la haki. Nzi vamizi wa matunda aliyetoka Asia, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kuenea Afrika Mashariki kwa kasi, anapenda mapera na maembe kuliko matunda mengi mengine. Kulikuwa pia na mlimao mmoja mzee uliokuwa unakauka matawi ya juu.

Mpango wa Mzee ulikuwa rahisi: kuondoa vyote hivyo, kupanda Hass, na kuni kuziuza kwa mzigo kwa wapika pombe na wachoma matofali. Mpwa ndiye aliyekuja na wazo jingine. Alikuwa amefanya kazi jikoni kwenye hoteli ya kitalii, akaona mpishi akiagiza kutoka nje mifuko midogo ya kuni za mti wa tufaha kwa ajili ya kufukizia nyama, kwa bei iliyomshangaza. Akamwambia mjomba wake kwamba Marekani na kwingineko kuni za miti ya matunda, tufaha, cheri, pichi, hata mpera kule Hawaii, zinauzwa kama viungo vinavyouzwa. "Mjomba, hizi zetu tunazitupa kwenye tanuri la matofali."

Kabla ya msumeno

Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa sahihi, na watu wengi hulikwepa. Walienda kwa mtendaji wa kijiji kabla hata tawi moja halijaguswa. Barua ikapelekwa kwa ofisa misitu, miti ikaja kuangaliwa, na wakapewa ruhusa ya maandishi inayotaja aina na idadi ya miti. Karatasi ile ilionyeshwa zaidi ya mara moja njiani wakati kuni zinateremshwa kwenda mjini, na mara zote gari lilipita. Anayefikiri mti wa matunda wa nyumbani kwake haumhusu mtu mwingine, aulize kwanza ofisi ya kijiji chake.

Uamuzi wa pili ulitoka kwa bwana shamba. Alipoiona miparachichi akasema mitatu kati yake ina mizizi mizima na shina zuri, kwa hiyo kuing'oa ni hasara. Ikatwe juu kidogo ya kiuno cha mtu, ibebeshwe vikonyo vya Hass, yaani iunganishiwe vijiti vilivyokatwa kwenye mti wa Hass. Mti wa namna hiyo una mizizi ya miaka mingi tayari, na huzaa mapema kuliko mche mpya. Kila kisiki kikaachiwa tawi moja la zamani la kukilisha wakati vikonyo vinashika, na gome likapakwa chokaa lisiungue na jua, maana lilikuwa limezoea kivuli. Miparachichi iliyobaki ilikuwa inakauka kutoka juu, majani madogo ya njano, mizizi myembamba ikiwa imeoza na kuwa myeusi. Hiyo iling'olewa, na mizizi yake pamoja na udongo havikutolewa pale shambani, kwa sababu ugonjwa wa kuoza mizizi husafiri na udongo.

Uamuzi wa tatu unastahili sifa kuliko yote. Katika kupanga aina za kuni, Mpwa alitaka kuongeza mashina ya kahawa iliyokuwa inakatwa upya. Mbao ya kahawa ni ngumu, nzito, na inatoa moshi mzuri. Lakini kahawa ile ilikuwa imepigwa dawa za shaba na za wadudu mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyeweza kusema ni dawa zipi zote zilizopita juu ya gome lile tangu enzi za babu. Mzee akakataa. Alisema kile ambacho hawezi kumwambia mlaji hakiingii kwenye jiko la mlaji. Mipera mitano iliyosimama ndani ya mistari ya kahawa nayo ikatengwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kukata, na yaliyojitokeza

Walikata mara tu masika yalipoisha. Mpwa aliazima msumeno wa mnyororo, akaanza na mipera. Kuna jambo moja dogo ambalo fundi wa msumeno hatalifikiria: mnyororo ule hupakwa mafuta muda wote unapozunguka, na mara nyingi ni mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini. Kila pande la kuni linatoka na ukanda mweusi wa oili kwenye uso uliokatwa. Kwa tanuri la matofali haina neno. Kwa nyama ni sumu unayoichoma chini ya chakula. Mama yake Mpwa ndiye aliyeugundua ukanda huo alipotaka kuwashia jikoni. Vipande vyenye oili vikaenda kwenye kuni za kawaida, tangi la mnyororo likasafishwa, na kuanzia hapo wakatumia mafuta ya alizeti. Mnyororo hunoga zaidi kwa oili ya kazi hiyo, ni kweli, lakini kwa miti michache alizeti ilitosha.

Mwembe ulileta balaa lake. Baada ya kupasua magogo mabichi mchana kutwa akiwa na mikono mitupu, Mpwa aliamka asubuhi na vipele vya maji mikononi mpaka kwenye viwiko, na kope zimevimba. Utomvu wa mwembe una mafuta ya jamii moja na yale ya ganda la korosho. Miti hiyo miwili ni ndugu, na kuna watu ambao ngozi zao hazivumilii kabisa. Wapo wanaotumia kuni za mwembe kuchomea nyama duniani. Familia hii iliamua kuziacha, kwa kuwa mnunuzi angezishika kwa mikono na hawakuwa na namna ya kujua nani angedhurika. Mashina yakauzwa kwa fundi seremala.

Majani ya parachichi nayo yalikuwa na lake. Jirani aliyaomba kwa ajili ya mbuzi wake wa maziwa, akapewa kwa moyo mweupe. Baada ya muda mfupi mbuzi anayenyonyesha akavimba kiwele, maziwa yakakata. Majani na magome ya mparachichi yana kitu kiitwacho pesini, ambacho hudhuru tezi za maziwa na hata moyo wa mbuzi, ng'ombe, farasi, sungura na ndege. Mbuzi alipona baada ya kuondolewa majani. Anayekata miparachichi kwenye kijiji chenye mifugo ya ndani awatangazie majirani siku hiyo hiyo.

Mzigo wa kwanza

Kuni zilipasuliwa, zikapangwa chini kwenye udongo nyuma ya nyumba, zikafunikwa turubai la bluu pande zote hadi chini, kwa sababu manyunyu ya baridi ya Juni yalikuwa yameanza. Anayeijua Meru mwezi Juni na Julai anajua hali yenyewe. Mawingu yanashuka hadi kwenye migomba, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu, na jua likitoka linatoka saa nane. Chini ya turubai maji yaliyotoka kwenye kuni hayakuwa na pa kwenda. Yaligeuka matone upande wa ndani wa turubai, yakaanguka tena juu ya kuni.

Baada ya wiki chache Mpwa aliona gome limeanza kubanduka, akachukulia zimekauka. Akapakia magunia manne, akateremka nayo hadi kwa Mama Choma, ambaye walikuwa wamekubaliana kwa maneno. Mama aliweka vipande viwili vya mpera juu ya mkaa, chini ya wavu wenye mbavu za mbuzi. Nimesimuliwa na wote wawili, na simulizi zao zinalingana. Kwanza ncha za vipande zikatoa povu. Kisha zikaanza kulia, ule mlio mwembamba wa maji yanayochemka ndani ya mti. Halafu moshi mweupe, mzito, ukaenda kwa wateja, na watu wakahama meza. Nyama ilipoletwa ilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, na chungu inayobaki nyuma ya ulimi. Gunia la pili lilipofunguliwa likakutwa na ukungu wa kijani.

"Mwanangu," Mama alimwambia, "mimi nauza nyama, siuzi machozi. Zirudishe kwa mjomba wako, na umsalimie sana."

Kilichotokea kina maelezo yake. Mti mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia kwenye moto, joto linaishia kuchemsha maji hayo, na mti wenyewe unaungua nusu nusu kwa moto hafifu. Moshi unaotoka umejaa lami na masizi, na lami hiyo huganda kwenye nyama ambayo bado ni baridi. Kuni kavu, zenye unyevu wa asilimia 20 au chini yake, hutoa moshi mwembamba unaokaribia rangi ya samawati. Moshi huo ndio mchomaji anautafuta. Mara nyingi hauonekani vizuri mpaka uangalie ukiwa umeelekea kwenye kivuli.

Kurekebisha ukaushaji

Nilipofika, kuni zenye ukungu zilikuwa zimeshatengwa. Nilishauri zisiuzwe kwa kazi ya chakula hata zikikauka baadaye, na Mzee hakubisha. Zilizobaki zilihamishiwa kwenye banda la zamani la kuanikia kahawa, lenye paa la bati na kuta za mbao zilizoachana. Wakazipanga juu ya mirunda, futi moja kutoka chini, kwa mistari inayopishana ili upepo upite katikati. Vipande vikapasuliwa vidogo zaidi, kwa sababu maji hutoka kwenye ncha na kwenye uso uliopasuliwa, na hayatoki vizuri kupitia gome.

Kisha ikaja mizani. Hapa ndipo shughuli ilipogeuka kutoka kukisia hadi kujua, na haikugharimu zaidi ya mizani ya jikoni iliyokuwepo. Waliweka alama ya rangi kwenye vipande sita vilivyotawanywa ndani ya rundo, wakavipima kila Jumapili baada ya ibada, wakaandika kwenye daftari. Uzito unaposhuka kila wiki, maji bado yanatoka. Uzito ukisimama, mti umelingana na hewa ya pale. Kwa kuhakikisha, walikata kijipande cha gramu 250 kutoka katikati ya kipande kikubwa, wakakiweka kwenye oveni ya mama mmoja muoka mikate kwa joto la nyuzi kama 105 mpaka uzito ukaacha kushuka. Kikibaki gramu 200, zile gramu 50 zilizopotea ni maji, na 50 kwa 250 ni asilimia 20. Hesabu hiyo Mpwa anaifanya kwa kichwa sasa.

Septemba na Oktoba, upepo mkavu ulipoanza, ndipo uzito uliposhuka kwa haraka. Miparachichi, ambayo mbao yake ni nyepesi, ilitangulia. Ila ilitangulia pia kuliwa: wadudu watobozi waliingia, wakaacha unga mweupe chini ya rundo. Mipera na mlimao, mbao ngumu na nzito, zilichelewa lakini hazikuguswa.

Jiko lisilo na kifuniko

Kuni kavu zilipofika mjini mwezi Novemba, kila mtu alitegemea ladha. Haikuja. Mama Choma aliweka vipande vya mpera, moshi ulikuwa safi, harufu ilijaa banda zima na wapita njia wakageuza vichwa. Lakini mbuzi alipoliwa alikuwa mbuzi yule yule wa siku zote. Mama akauliza swali la haki kabisa: kwa nini alipe mara kadhaa ya bei ya kuni za kawaida kwa harufu inayoishia barabarani?

Jiko la nyama choma kwetu ni nusu pipa lenye mkaa na wavu juu, wazi. Nyama inakaa juu ya moto mkali kwa muda mfupi, na moshi unapanda moja kwa moja angani. Mkaa wenyewe hauna ladha ya kutoa, kwa sababu vitu vyenye harufu vilishachomwa na kuondoka kwenye tanuri la mkaa. Ladha ya moshi hutoka hasa kwenye lignini, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mti. Lignini ikivunjwa na joto hutoa guayakoli, inayobeba ladha, na siringoli, inayobeba harufu. Vitu hivi vinahitaji muda, na vinahitaji uso wa nyama wenye unyevunyevu wa kuvipokea. Jiko la wazi halivipi muda wala nafasi.

Wangeweza kuachana hapo. Badala yake Mama alikubali kujaribu kifuniko kwa pipa moja tu kati ya matatu aliyonayo. Fundi wa kuchomelea alitengeneza kwa kutumia pipa la lita 200 lililokatwa kwa urefu, nusu ya chini kwa moto na nusu ya juu kwa kifuniko, bawaba nyuma, tundu la kutolea moshi juu upande mmoja na matundu ya hewa chini upande wa pili. Tulisisitiza pipa liwe lililobeba mafuta ya kula. Mapipa ya vilainishi na kemikali ni rahisi kupatikana na bei yake ni ndogo, lakini hayafai hata yakichomwa. Wavu nao usiwe wa mabati yaliyopakwa zinki.

Uchomaji ukabadilika kabisa. Mkaa unakaa upande mmoja, nyama upande wa pili, kifuniko kinafungwa, joto linashikiliwa kati ya nyuzi 110 na 130. Vipande viwili vya mpera vya ukubwa wa ngumi vinawekwa juu ya mkaa uliokolea, na kingine baadaye kidogo. Mchomaji wa Mama alikuwa na mazoea ya kuloweka kuni kwenye ndoo ya maji kwanza. Aliacha alipopasua kipande kilicholowekwa usiku kucha na kukuta kimelowa milimita chache tu, ndani kikavu. Maji yale yalikuwa yanatoa mvuke na kuchelewesha moto, basi.

Bega la nguruwe la kilo tatu lilikaa humo tangu asubuhi hadi mchana uliokwisha. Nililionja siku hiyo. Lilikuwa na ukoko mweusi unaong'aa, chumvi na pilipili vimeshikana na mafuta, na chini yake nyama inayoachana kwa kidole. Mpera unatoa ladha nene, yenye utamu wa mbali. Kwa kuku tulipendelea parachichi, ambalo moshi wake ni mwepesi na hauzidi nyama nguvu. Mlimao ulikuwa mdogo mno kuweza kuhukumiwa.

Nyama ya waridi

Wateja wawili wa kwanza walirudisha sahani. Chini ya ukoko, nyama ya nguruwe ilikuwa na ukanda wa rangi ya waridi wenye unene wa nusu sentimita hivi. "Dada, hii haijaiva."

Hofu yao ina msingi. Kaskazini mwa Tanzania, tegu wa nguruwe ni tatizo la kweli, na mabuu yake yakifika kwenye ubongo wa mtu huleta kifafa. Watu wamefundishwa, na wamefundishwa vizuri, kwamba kitimoto lazima iive hadi ndani. Ukanda ule, hata hivyo, hautokani na ubichi. Gesi ya oksidi ya naitrojeni inayotoka kwenye kuni zinazowaka huungana na mayoglobini, ile protini inayoipa nyama rangi yake, na kuifunga kwenye waridi hata nyama ikiiva sana. Ukiangalia katikati ya bega, mbali na uso, ni kijivu kabisa. Nyama mbichi ingekuwa kinyume: waridi katikati, kijivu pembeni.

Kumweleza hayo mteja mwenye njaa ni kazi. Mama alichukua njia yake. Alinunua kipimajoto cha sindano, na mteja akiuliza, mchomaji anachoma sindano katikati ya nyama mbele yake na kumwonyesha namba. Bega la namna hii haliachani kwa kidole mpaka lipite nyuzi 90 ndani, kiwango kilicho juu sana ya kile kinachohitajika kwa usalama. Pia anaikata na kuichambua nyama jikoni kabla haijafika mezani, ukanda ukachanganyika na nyingine. Malalamiko yakaisha. Jambo ambalo halibadiliki ni hili: moshi si dawa ya tegu. Kinachoua ni joto, na nyama inunuliwe iliyopigwa muhuri na mkaguzi.

Matokeo

Msimu wa Desemba, watu walipokuwa wakirudi nyumbani kwa sikukuu, pipa la kifuniko lilikuwa likiagizwa siku mbili kabla. Mama ameongeza la pili. Yale ya wazi ameyaacha kwa mbuzi na ndizi choma, kwa wateja wanaotaka haraka, na hayatumii kuni za moshi hata kidogo.

Upande wa familia, karibu nusu ya mbao zote iliishia kuwa kuni za kawaida: za oili, za ukungu, za mwembe, zilizoliwa na wadudu, matawi membamba mno. Nusu nyingine iliuzwa kwenye mifuko ya kilo mbili kwa Mama, kwa mchinjaji anayetengeneza soseji, na kwa jikoni za hoteli mbili. Fedha ilitosha kulipia miche ya Hass, mbolea ya mwanzo na mtu wa kubebesha, ikabaki kidogo. Vikonyo viwili kati ya vitatu vimeshika.

Uchambuzi

Katika yaliyofaulu naweka mbele uamuzi wa kahawa, kuliko hata mizani. Biashara ya kuni za moshi inasimama juu ya kitu ambacho mnunuzi hawezi kukiona: historia ya mti. Hakuna kipimo cha jikoni kinachoonyesha dawa iliyokauka kwenye gome. Mkulima anayejua mti wake umeishije ana mali ambayo muuza kuni wa barabarani hana. Familia hii iliitambua thamani hiyo kabla haijauza hata mfuko mmoja, na hadi leo kila mfuko una karatasi inayotaja aina ya mti, mwezi uliokatwa, na kwamba haukupigwa dawa.

Turubai ni kosa la kawaida sana nyanda za juu, na chanzo chake ni nia njema. Mtu anaogopa mvua kutoka juu, anasahau maji yaliyomo ndani. Paa bila kuta lingetosha. Lakini hata turubai lisingeleta hasara kubwa kama kuni zisingeuzwa kwa kuangalia gome. Gome hubanduka kwa kukauka na hubanduka pia kwa kuoza, kwa hiyo halimwambii mtu chochote cha kutegemea.

Upande wa soko, walichokosea mwanzoni ni kumtafuta mnunuzi wa nyama choma kwa kuwa yeye ndiye anayechoma nyama nyingi. Arusha ina wachomaji wengi hodari, na umaarufu wa maeneo kama Kwa Mrombo umejengwa juu ya moto wa wazi, chumvi na mkono wa mchomaji. Nyama ile imekamilika ilivyo. Kuni za moshi haziiongezei kitu, na kumuuzia mtu yule ni kumpa gharama. Mnunuzi halisi ni mwenye jiko linalofungwa, au aliye tayari kulitengeneza. Ndiyo maana sasa Mpwa akipigiwa simu na mteja mpya huuliza kwanza jiko lake likoje, na mwenye jiko la wazi anamwelekeza kwa fundi kabla ya kumuuzia mfuko.

Kukaa kwa nyama pembeni ya moto kuna faida nyingine ambayo naona izungumzwe zaidi. Mafuta yanapodondokea kwenye mkaa huungua na kurudisha juu moshi wenye benzopireni, kitu kinachojulikana kusababisha saratani. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za kitu hicho kwa kilo moja ya nyama iliyofukizwa. Kuni kavu, joto la wastani na nyama isiyo juu ya moto moja kwa moja hupunguza hatari hiyo. Haziiondoi. Mchomaji anayesimama kwenye moshi kutwa nzima yuko hatarini kuliko mlaji, na banda la Mama bado linahitaji paa la juu zaidi upande wa mapipa. Nimemwambia, amesema atafanya baada ya masika.

Mipera imebadilisha hadhi. Visiki vilivyoachwa vilichipua kwa nguvu, kila kimoja machipukizi kumi na zaidi, na Mzee aliyetaka kuving'oa sasa ameacha machipukizi manne manne yanyooke. Yakifika unene wa mkono wa mtoto yatakatwa. Jirani wa nzi amekubali kwa sharti kwamba mapera yatakayoota yachumwe yakiwa bado hayajaiva, na watoto wa pale hawahitaji kusukumwa kwa kazi hiyo.

Suala ambalo bado lina mvutano ni kiasi. Septemba iliyofuata hoteli moja iliomba mifuko mia moja ifike kabla ya Krismasi, fedha nusu ikilipwa mapema. Daftari lilionyesha zilizo kavu zinatosha mifuko thelathini na kidogo. Mpwa alitaka kukata mipera ya mpakani mara moja na kujaza pengo. Mzee alifungua daftari kwenye kurasa za mwaka uliotangulia, akamwonyesha kipande namba tatu kilichukua miezi mingapi kufika uzito wa kusimama. Wakachukua oda ya mifuko thelathini.